Ukilazimika Kuondoka Chuoni, Acha Barua

Maneno niliyowaambia wazazi na wanafunzi mjini Arua, Uganda, wiki ambayo vijana walikuwa wanajiandaa kurudi vyuoni.

Asalaam alaikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, vijana wetu, na ninyi mliotoka Koboko, Yumbe na Nebbi asubuhi na mapema, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze Kiswahili, na nimekubali kwa moyo mmoja. Hapa yupo Mlugbara, yupo Mkakwa, yupo Mmadi, Mwalur na Mnubi, na ninawaona ndugu zetu kutoka Kongo na Sudan Kusini. Nikishika lugha ya nyumbani kwangu, nusu yenu mtasubiri jirani awatafsirie. Jambo la leo sitaki mzazi yeyote aambiwe na jirani.

Kila Agosti tunawasindikiza watoto kwenye basi. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba, ndani ya ndoo kuna sabuni na unga wa muhogo, mkebe wa ufuta wa kusaga umefungwa kwa plastiki usimwagike. Mama anarekebisha kola ya mtoto ambayo haina tatizo lolote. Baba anahesabu noti mara ya pili. Basi linaondoka, linavuka Nile pale Pakwach, linavuka tena Karuma, na karibu kilomita 500 baadaye mtoto yuko Kampala. Siku hiyo ya kuondoka tunaikumbuka wote. Lakini mtoto wa fulani ambaye hakumaliza, mnakumbuka aliacha siku gani? Mwezi gani? Mara nyingi hakuna anayejua, hata mama yake.

Ninafanya kazi katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi, na kabla ya hapo mimi mwenyewe nilipotea chuoni. Nitaanza na hilo, kwa sababu ndilo lililonileta mbele yenu.

Nilikuwa mwaka wa pili, Kampala. Baba aliugua figo, na pesa ya karo ikaenda hospitalini, mahali ilipopaswa kwenda. Nilibaki nadaiwa shilingi 280,000. Ilikuwa wiki ya kumi na tatu, mitihani ikiwa karibu, na bila kumaliza deni hupewi kadi ya mtihani. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na msichana wa Nebbi. Yeye alidaiwa zaidi yangu, 350,000. Jumatatu moja alivaa vizuri, akaenda kwa msajili na barua ya nusu ukurasa, akaomba kuahirisha masomo. Akarudi na nakala yenye muhuri, akaiweka ndani ya Biblia yake. Akaniuliza, "Wewe lini?" Nikamwambia kesho.

Kesho yake nilikunja godoro. Nilimwambia naenda nyumbani kwenye msiba, ingawa baba alikuwa bado hai. Niliona afadhali nionekane nimefiwa kuliko nionekane nimeshindwa kulipa.

Miaka minne niliuza vitenge. Nilivinunua Ariwara, ng'ambo kule Kongo, nikaviuza hapa sokoni. Na Kiswahili mnachokisikia leo nilikipata kwenye mabishano ya bei. Mwaka wa nne nikawa na akiba, nikapanda basi kurudi. Karani wa chuo alifungua daftari kubwa, akateremsha kidole mpaka kwenye jina langu, akaligeuza daftari ili nisome mwenyewe. Mbele ya kila somo la muhula ule kulikuwa na neno moja: hakufika. Kozi saba, "hakufika" saba. Hawakuandika kwamba baba alikuwa anaumwa. Wangejuaje? Nafasi yangu ilikuwa imefutwa, na nikaambiwa niombe upya kama mtu aliyetoka sekondari.

Nilianza tena mwaka wa kwanza. Mwenzangu wa Nebbi alirudi baada ya miezi kumi na miwili, akaendelea pale alipoachia, akahitimu. Siku nilipovaa gauni, yeye alishafundisha miaka mitano. Deni langu lilikuwa dogo kuliko lake. Alichonizidi ni karatasi moja.

Ndiyo maana nikaomba kazi kwenye ofisi ile ile ambayo zamani niliipita nimeinamisha kichwa.

Sasa niwaeleze muhula unavyokwenda, maana wazazi wengi mnalipia kitu ambacho hamjaonyeshwa ndani yake. Katika vyuo vyetu vingi muhula una wiki 17: kumi na tano za masomo, mbili za mitihani. Wiki za mwanzo mtoto anatakiwa alipe sehemu ya karo ili asajiliwe. Hapa sikilizeni vizuri. Kupata nafasi ni jambo moja, na kusajiliwa muhula huu ni jambo lingine. Nimeona vijana waliohudhuria darasani mwezi mzima, wanaandika, wanajibu maswali, na kwenye mfumo wa chuo hawapo. Kabla ya mitihani deni lote liwe limeisha, ndipo kadi itoke.

Kwa hiyo mzazi anapopiga simu Novemba na kuuliza, "Masomo yanaendeleaje?" mtoto atajibu, "Yanaendelea vizuri, mama." Hilo swali haliwezi kupata jibu lingine. Uliza wiki ya nne: umesajiliwa? Nitumie picha ya karatasi ya usajili. Uliza wiki ya kumi na mbili: deni limebaki kiasi gani? Wiki ya kumi na tano: kadi ya mtihani unayo mkononi? Mtoto anayesita kwenye maswali hayo matatu usimfokee. Keti chini, umsikilize.

Kuna shida nyingine ambayo nafikiri hatuizungumzi vya kutosha katika mkoa wetu. Karo inatakiwa Agosti, na ufuta wetu wa msimu wa pili unavunwa kuelekea Novemba na Desemba. Mzazi analipa kidogo mwanzoni, anasubiri mavuno, halafu wanunuzi wanakuja wakijua kabisa kwamba una haraka. Unauza gunia kwa bei ya mtu anayekimbizwa. Wengine wanauza ng'ombe, na mwaka unaofuata hakuna ng'ombe. Sina dawa kamili ya hili. Lakini nimeona familia mbili tatu zinafanya hivi: pesa ya mavuno ya Desemba haiguswi, inakuwa karo ya muhula wa pili na sehemu ya Agosti inayofuata. Mwaka wa kwanza wanabanwa sana. Kuanzia wa pili wanapumua. Na vikundi vyetu vya akiba, vile vya kuweka na kukopeshana kila wiki, vigawane pesa mwishoni mwa Julai badala ya kungoja Krismasi. Hilo linaamuliwa na wanachama wenyewe, jioni moja, chini ya mti.

Mtaniuliza, na serikali? Serikali inadhamini kiasi cha wanafunzi 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, na ndani ya hao kuna nafasi za wilaya zilizoanza mwaka 2005 ili hata mtoto wa shule ya kijijini asiachwe na wa shule kubwa za Kampala. Tangu 2014 kuna bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo imeelekeza mikopo yake zaidi kwa masomo ya sayansi na teknolojia. Ni mambo mema, na kila kijana anayestahili aombe. Ila mzazi ajue mkopo unalipa nini: unalipa karo, ada nyingine za chuo na utafiti, na vifaa kwa mwenye ulemavu. Kitanda na chakula haulipi. Nimepokea ofisini vijana wenye mkopo, karo imelipwa yote, na bado wanataka kuacha kwa sababu hosteli imewafungia mlango. Huko nyumbani watu wanasema, "Huyu ana mkopo, ameshapona," na hakuna anayemtumia hata elfu ishirini. Kwa ndugu zetu wakimbizi, ufadhili wa DAFI, unaotolewa kupitia UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, husaidia karo pamoja na matumizi ya kuishi, ila nafasi zake ni chache na waombaji ni wengi, kwa hiyo maombi yaandaliwe mapema na kwa uangalifu.

Nije kwenye kisa cha kijana mmoja, kisha mtaelewa kwa nini nasisitiza barua.

Alikuja ofisini siku tatu kabla ya mitihani, amevaa koti la boda boda, lile la kung'aa, na kofia ya pikipiki ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani. Alikuwa amempeleka abiria chuoni, akauona mlango umeandikwa ushauri wa wanafunzi. Akasema, "Madamu, mimi nilikuwa nasoma hapa. Nilifukuzwa."

Nikamuuliza, "Nani alikufukuza?"

Akanyamaza. Akaangalia kofia. "Sikumaliza karo."

"Ulipewa barua ya kufukuzwa?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikwambia kwa mdomo?"

"Hapana."

Miezi kumi na minne kijana huyu ameendesha boda boda akiamini amefukuzwa, na hakuna mtu aliyemfukuza. Alikuwa amebakiza muhula mmoja na nusu kumaliza shahada ya miaka mitatu. Alidaiwa 420,000. Nilifungua faili lake; halikuwa limefutwa, lilikuwa limekaa tu. Siku ile ile tuliandika barua ya kueleza kutokuwepo kwake na kuomba kurudi, tukapanga na ofisi ya fedha alipe kwa mafungu. Leo amebakiza kozi mbili. Bado anaendesha jioni, na wakati mwingine anasinzia darasani. Nampigia simu kila Jumatatu.

Ninajua wengine wenu mnaye kijana wa namna hiyo, yuko stendi sasa hivi.

Na tusidhani haya ni ya kwetu peke yetu kwa sababu ya umaskini. Chuo Kikuu cha Jiji la New York, huko Marekani, kiliona wanafunzi wengi wa vyuo vyake vya miaka miwili hawamalizi. Mwaka 2007 kikaanzisha mpango mmoja. Kila mwanafunzi akapewa mshauri mwenye wanafunzi wachache, ambaye lazima waonane mara kwa mara. Pengo la karo likazibwa. Wakapewa msaada wa vitabu, na kadi ya usafiri wa treni na basi. Watafiti wakagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa ndani asilimia 40 walikuwa wamehitimu. Waliokuwa nje, asilimia 22. Karibu mara mbili. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza, nilisimama kwenye ile kadi ya usafiri. Mji tajiri kama ule, na mtoto anakosa shahada kwa sababu ya nauli! Tena ilibidi aende kwa mshauri ndipo aendelee kuipata, kwa hiyo hata aliyeona aibu alifika, akaulizwa anaendeleaje.

Chuo kikuu kingine, Georgia State kule Atlanta, tangu 2011 kinawatafuta chenyewe wanafunzi walio karibu kufutwa kwa deni dogo, kinawalipia, wastani wa dola 900 hivi. Mwanafunzi haombi. Chuo kinatazama orodha na kumfuata. Mimi nimewaomba wakubwa wangu tufanye kitu cha aina hiyo, hata kwa pesa ndogo, na sitaacha kuomba. Orodha ya wanaodaiwa tunayo. Wiki ya kumi tunaijua. Tunachoshindwa ni kunyanyua simu kabla mtoto hajakunja godoro.

Kuhusu matokeo mabaya nitasema kwa kifupi, kwa sababu vijana wanayajua na wazazi wanayaogopa kupita kiasi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao ataingia kwenye ukumbi wa watu mia nne na kupata 42 kwa mara ya kwanza maishani. Alama ya kupita mara nyingi ni 50. Atalazimika kurudia kozi, ile wanayoita riteki, na kuilipia. Inauma, lakini haijamwondoa mtu chuoni. Kinachomwondoa ni kuificha, akairudia peke yake bila kuuliza, akaanguka tena na tena mpaka kanuni zikamkata. Na ninyi vijana, tunzeni kila kazi iliyosahihishwa na kila risiti, kwenye bahasha moja, tangu wiki ya kwanza. Alama huwa zinapotea. Mwenye karatasi yake mkononi anarekebishiwa. Asiye nayo anasubiri mahafali ya mwaka ujao.

Wavulana, kubeti. Siwezi kuondoka bila kulitaja. Nimekaa na kijana aliyeweka karo nzima kwenye mechi nne za Jumamosi, akitaka kuiongeza ili amtumie mdogo wake. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Jumapili hakuwa na kitu, na Jumatatu alianza kudanganya. Mzazi, leo karo ya vyuo vya umma hulipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa chuo. Mwambie mtoto akutumie namba hiyo, ulipe wewe kwa simu yako au benki. Usimtumie mtoto wa miaka kumi na tisa laki nane mkononi. Kufanya hivyo ni kumpunguzia mzigo, na wala si kumdharau.

Wasichana. Tangu 1990 msichana anayeomba chuo kikuu cha umma huongezewa pointi 1.5, na wengi wameingia kwa mlango huo. Lakini pointi humwingiza tu, hazimfikishi mwisho. Akipata mimba mwaka wa pili, nyumbani husemwa, "Basi, imeisha." Nani amesema imeisha? Chuo hakijasema. Anaahirisha, anajifungua, anarudi. Nimewaona wakirudi. Ambao hawarudi, mara nyingi ni wale ambao baba alitangaza mbele ya ukoo kwamba hatatoa tena hata shilingi. Baba zangu, nawaomba kwa heshima: kasirikeni, mna haki, lakini msitangaze. Neno likishatoka mbele ya watu ni gumu kulirudisha, na mtoto wa kike ndiye anayelilipa.

Sasa barua yenyewe. Haihitaji Kiingereza cha ajabu. Inakwenda kwa msajili, kupitia kwa mkuu wa idara au kitivo. Weka jina kamili, namba ya usajili, kozi, mwaka na muhula. Sema unaomba kuahirisha masomo kuanzia lini, na unatarajia kurudi lini. Sema sababu kwa sentensi mbili: baba anaumwa, karo haijatimia. Usione aibu, huyo anayesoma ameshasoma mia kama hizo. Ambatisha uthibitisho ukiwa nao, barua ya hospitali au ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Na ipelekwe kabla ya mitihani, maana baada ya mitihani tayari wameandika "hakufika". Muda unaoruhusiwa kuwa nje una kikomo, mara nyingi mwaka mmoja kwa ombi moja. Ukiona hujaweza kurudi, andika tena.

Yule ambaye alishaondoka bila barua, mwaka jana au mwaka juzi, au wakati ule wa korona vyuo vilipofungwa Machi 2020 na wengi wakaenda mashambani wasirudi, huyo naye aandike. Atajieleza, ataulizwa maswali, pengine atarudia baadhi ya kozi, pengine ataambiwa aanze upya kama mimi. Lakini aulize, ajibiwe kwa maandishi. Miaka minne mimi sikuuliza.

Pale chini ya mwembe nimeweka meza, na wenzangu wawili wana karatasi na kalamu. Tutakaa mpaka saa kumi na moja jioni. Mwenye mtoto aliyesimama njiani aje tuandike pamoja. Namba ya usajili iko kwenye kitambulisho chake cha chuo au kwenye risiti ya zamani. Kama mtoto yuko stendi, mpigieni aje na koti lake la boda boda hivyo hivyo alivyo. Kama vitambulisho vimebaki nyumbani, kaandikeni jina na namba ya simu, nami nitapiga mwenyewe kesho asubuhi.